Chupa ya Fainesi

Katika kijiji cha Mwalija hakuna aliyechuma chai kwa wepesi kama Fainesi. Wenzake wakiwa nusu ya kapu, yeye alikuwa anarudi kutoka kwenye mizani.

"Wewe una mikono mingapi?" walimtania.

"Miwili tu," alijibu. "Mingine nimemwachia mume wangu, anatengenezea baiskeli."

Mume wake aliitwa Laston. Kibanda chake kilikuwa njia panda, na vijana wanaobeba abiria kwa baiskeli walimjua wote. Laston alizaliwa mbali, upande wa Phalombe. Alipooa alihamia kwa kina Fainesi, kama desturi ya Walomwe inavyotaka. Alikuwa amekaa pale miaka kumi na tisa. Alikuwa amejenga nyumba na kuzaa watoto watatu, na bado wakwe zake walimwita jogoo wa kuazima. Jogoo wa kuazima anaruhusiwa kuwika, ila asipandishe sauti. Mambo mazito ya nyumba yake, kama ugonjwa, ndoa na mazishi, yaliamuliwa na Mjomba Makwinja, kaka wa marehemu mama yake Fainesi.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili, Fainesi alikuwa anakunywa uji kabla ya kwenda shambani. Alivaa kapu mgongoni, akalivua tena.

"Kamba inanigusa vibaya," alisema.

"Ngoja niilegeze," Laston akasema.

"Si kamba, Baba Tiyamike. Ni hapa." Alichukua mkono wa mumewe, akauweka ubavuni mwa titi lake la kushoto. Ndani kulikuwa na kitu kigumu, kikubwa kama mbegu ya mbaazi.

"Kipo tangu lini?"

"Tangu tulipopanda mahindi."

"Na umenyamaza muda wote huo?"

"Hakiumi. Kitu kisichouma unakisemea nini?"

Laston hakubishana naye. Aliufunga mlango wa kibanda chake siku ile, na kazi ya watu ikalala. Alimpeleka mkewe hospitali ya wilaya.

Huko waliingia kwa Tabibu Kamoto. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu kwa uchovu, na nje ya mlango wake benchi lilikuwa limejaa hadi ukutani. Alipapasa uvimbe taratibu. Kisha akapapasa kwapa.

"Ni saratani?" Fainesi aliuliza.

"Sijui, mama. Uvimbe una majina mengi, na kidole hakisomi jina. Nitakata kipande kidogo, kisomwe."

"Kisomwe na nani?"

"Na daktari wa Blantyre. Hapa wilayani hatuna hata mmoja wa kazi hiyo. Gari letu la kupeleka vipimo liko gereji, kwa hiyo mtapeleka wenyewe."

Alimchoma Fainesi sindano ya ganzi, akakata, akamfunga bandeji. Kipande kilikuwa kidogo kama ncha ya kidole. Alikitia katika chupa nyeupe ya plastiki, isiyoonyesha kilichomo, akaandika jina juu yake.

"Ndani kuna dawa," alimwambia Laston. "Msiimwage. Peleka kesho asubuhi." Kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Walifika nyumbani alasiri. Fainesi alikuwa amechoka, akalala. Haukupita muda, Mjomba Makwinja akaingia uani na fimbo yake. Ugonjwa wa mtoto wa dada yake ulikuwa jambo lake, na hakuna aliyehitaji kumwita.

"Nionyeshe hicho mlichopewa," alisema.

Laston akampa chupa. Mjomba alifungua kifuniko, akainusa, akairudisha nyuma haraka.

"Hii nini?"

"Ni dawa, Mjomba. Tabibu amesema isimwagwe."

"Dawa ya nani?"

Neno dawa lina tumbo kubwa. Mna dawa ya kikohozi humo, mna dawa ya panya, na mna dawa ambayo adui anakufukia mlangoni. Tabibu alisema dawa, basi. Hakusema ni ipi kati ya hizo.

Mjomba alinusa tena, na safari hii uso wake ukabadilika. "Mimi harufu hii naijua. Tulipokwenda kumchukua dada yangu mochwari, nguo zake zilinuka hivi hivi. Hii ni dawa ya maiti, mkwe."

"Labda zinafanana tu."

"Pua yangu haijazeeka. Nyama ya mtu aliye hai unaitia kwenye dawa ya maiti. Hapo unamwita nani? Si unakiita kifo na kukionyesha nyumba?"

Laston alitazama mlango wa chumba alicholala mkewe. Maneno ya tabibu yalikuwa bado masikioni mwake. Lakini hata yeye aliipata ile harufu, naye aliogopa. Tena, jogoo wa kuazima angemkatalia vipi mwenye ukoo?

"Tukimwaga, nyama si itaoza?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Samaki wa ziwani wanatufikiaje huku milimani? Kwa chumvi. Chemsha maji, yapoe, tia chumvi. Sisi si wajinga."

Wakaimwaga dawa katika shimo la choo. Laston aliisuuza chupa mara tatu. Akatia maji safi yaliyochemka, akatia chumvi ngumi moja, akakirudisha kile kipande. Alifanya usafi wote anaoujua mtu mwangalifu. Kosa halikuwa la uvivu wala la ubaya wa moyo. Watu wawili waliompenda Fainesi ndio walioharibu kipimo chake, na hawakumwamsha kumuuliza.

Alfajiri iliyofuata mzee mmoja wa jirani akafariki. Kijiji kikiwa na msiba, hakuna anayesafiri, na Laston alikuwa mmoja wa wachimba kaburi. Siku mbili zikapita. Siku ya tatu alikwenda Blantyre. Njiani alitikisa chupa, akasikia maji yakicheza, akajiambia kwamba mambo ni salama.

Maabara ilikuwa na dirisha moja la kupokelea. Nyuma ya dirisha alikaa mama mnene mwenye koti jeupe na miwani ya kamba. Kila mtu alimwita Mama Nyirongo. Alisoma jina kwenye chupa, akaandika kitabuni, akaiweka pamoja na nyingine.

"Wiki sita, kaka," alisema. "Urudi."

"Wiki sita? Kwa kipande kidogo namna ile?"

"Foleni haiangalii ukubwa. Anayefuata."

Wiki zikaenda. Fainesi alirudi shambani, lakini mkono wa kushoto ulikuwa mzito. Uvimbe ulipanda kutoka mbegu ya mbaazi hadi yai la njiwa. Kila jioni Laston alitaka kumuuliza uvimbe umefikia wapi, na hakuuliza. Ugali wake wa nsima aliuacha sahanini, akasingizia meno.

Mjomba yeye alikuwa ametulia. "Kimya ni habari njema," alisema. "Ingekuwa saratani, wangekwisha kutukimbilia."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, Mjomba," Fainesi akamjibu.

Wiki ya sita Laston alisimama tena dirishani. Mama Nyirongo alimpa karatasi. Laston alisoma hadi darasa la saba, na Kiingereza cha karatasi ile kilimshinda.

"Nisomee, mama."

Mama Nyirongo akasoma kimoyomoyo, kisha akamtazama juu ya miwani. "Inasema nyama imeoza. Haisomeki. Mlete nyingine."

"Kwa hiyo hana saratani?"

"Kwa hiyo hatujui."

"Lakini hawakuiona."

"Hawakuona chochote, kaka yangu. Hatujui ni neno moja, na hana ni neno lingine. Usiyachanganye, utamwua mkeo." Akasogeza kiti karibu na dirisha. "Hebu niambie kweli. Chupa ile mlitia nini?"

Laston alishusha sauti. Nyuma yake watu walikuwa wanasikiliza. "Chumvi."

"Chumvi?"

"Na maji ya kuchemsha. Yalikuwa safi, mama."

"Mngetia na nyanya na kitunguu, basi, tuile," alisema Mama Nyirongo. Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Laston hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, akiikunja karatasi mara mbili, mara nne. Mama Nyirongo aliona, akajuta. Alimwomba mwenzake akae dirishani, akamfungulia Laston mlango wa pembeni.

"Njoo ndani. Ulimi wangu una mbio kuliko akili. Keti."

Laston alimweleza yote, benchi la tabibu lililojaa, ile harufu, mochwari, mjomba na choo. Mama Nyirongo alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Mjomba wako ana pua nzuri," alisema. "Hakukosea harufu. Dawa ile inaitwa fomalini, na mochwari wanaitumia kweli."

Laston aliinua kichwa. "Basi alisema kweli?"

"Alisema kweli nusu. Sasa sikiliza nusu nyingine. Nyama ikitoka mwilini inaanza kuoza saa ileile, hata uitie katika maji safi kiasi gani. Chumvi nayo inaikausha na kuikunja. Ni sawa kwa samaki wa kula. Hii si ya kula, ni ya kusoma. Fomalini inaikamata ikae vilevile ilivyokuwa ndani ya mtu. Ndiyo kazi yake, huku na huko mochwari. Inazuia kuoza. Haimwiti mtu kufa."

"Kwa nini tabibu hakutuambia hivyo?"

"Ulisema benchi lake lilikuwa limejaa hadi wapi?"

"Hadi ukutani."

"Umejijibu."

Akamwongoza hadi kwenye mlango wa kioo. Ndani ya chumba kidogo mwanamke mmoja alikuwa ameinamia hadubini, mgongo wake umewaelekea. Mezani kwake kulikuwa na trei za vioo vidogo vyembamba, trei juu ya trei.

"Yule ni Daktari Mbekeani. Nyama ikifika, sisi tunaigandisha katika nta. Tunaikata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, tunaipaka rangi, tunaiweka juu ya kioo. Yeye ndiye anayeisoma. Anatazama jinsi chembe zilivyokaa, kisha anasema hii ni saratani, hii ni kifua kikuu, hii ni mafuta tu, mwacheni mama wa watu aende nyumbani. Isiyosomeka kwa urahisi tunaipiga picha, tunawatumia wenzake wa nchi za mbali kwa kompyuta, wanashauriana."

"Na wenzake wa hapa wako wapi?"

"Mwenzake mmoja yuko masomoni. Waliobaki nchi nzima utawahesabu kwa vidole. Mtu anasoma udaktari miaka mingi, halafu anasoma tena miaka mingine kwa kazi hii. Wengine wakihitimu wanaitwa na nchi zenye fedha. Wengine wanaona bora kazi ya kutibu watu wanaoweza kusema asante. Na chupa haziachi kuja. Zinatoka wilaya na wilaya."

Laston alitazama zile trei kwa muda. "Kila kioo ni mtu?"

"Kila kioo ni mtu. Mkeo alikaa foleni wiki sita. Zamu yake ilipofika, hakukuwa na cha kusoma. Nafasi ile angeweza kusomewa mwingine. Unanielewa? Sikugombezi, ila ujue."

Laston alielewa, na moyo ulimuuma kuliko kama angegombezwa.

Mama Nyirongo hakumwacha aende hivihivi. Alimwambia mambo ya kushika, akamtaka ayarudie kwa mdomo wake, kama mwanafunzi. Dawa iifunike nyama yote, tena iwe nyingi, mara kumi ya nyama. Kifuniko kikazwe, chupa isimame wima, isiachwe juani wala isiwekwe kwenye barafu. Jina liwe kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Karatasi ya tabibu iende na chupa, na iwe na nambari ya simu. Ipelekwe mapema. "Na tarehe ya kurudi ikifika, rudi," alimalizia. "Usikae nyumbani ukasema kimya ni jibu."

Fainesi alikuwa uani akimenya mbaazi mume wake aliporudi. Alimtazama mara moja tu, akaweka ungo chini.

"Sema."

Laston alisema. Hakumsingizia Mjomba. Alisema, "Tulimwaga. Mimi ndiye niliyesuuza."

"Lini?"

"Siku ileile tuliyotoka hospitali."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nimelala, Laston. Sikuwa nimekufa." Hakumwita Baba Tiyamike, na jambo hilo lilimchoma mumewe. "Nyama ni yangu. Uchungu wa kukatwa ni wangu. Nyinyi wanaume wawili mkakaa mkaigawia chumvi. Wiki sita nalala na hiki kitu kifuani nikidhani kuna mtu anakisoma."

Alilia, na Laston akakaa chini karibu naye.

"Naogopa," Fainesi alisema mwishowe.

"Na mimi naogopa."

"Nitakatwa tena. Sina njia nyingine. Lakini Mjomba atauliza, na mimi sina nguvu ya kubishana naye. Wewe nenda ukamwambie. Mimi siendi."

Laston alipiga moyo konde. Alimkuta Mjomba Makwinja barazani kwake, akakaribishwa kibuyu cha thobwa, togwa ya kwao. Hakukinywa, akakiweka pembeni.

"Mjomba, tulikosea."

"Tulikosea nini?"

"Ile dawa. Pua yako ilisema kweli, ni ya mochwari. Lakini dawa ile haimwui mtu, Mjomba. Inamkuta amekwisha kufa. Kazi yake ni kumzuia asioze hadi ndugu wafike. Ndivyo ilivyokuwa inaifanyia nyama ya Fainesi. Ilikuwa inaihifadhi hadi msomaji aifikie. Tulipoimwaga, ikaoza."

"Tuliitia chumvi."

"Ikaoza na chumvi yake."

Mjomba aliuliza, "Kwa hiyo karatasi inasemaje?"

"Inasema hawajui. Na uvimbe sasa ni mkubwa kama yai la njiwa. Tumemnyang'anya mtoto wa dada yako wiki sita. Kesho nampeleka akakatwe tena, na dawa safari hii haimwagwi. Sikuja kuomba ruhusa, Mjomba. Nimekuja kukuambia."

Maneno hayo yakaning'inia barazani. Laston mwenyewe aliyashangaa. Mzee alizungusha fimbo yake mikononi.

"Kumbe jogoo wa kuazima anawika," alisema.

"Amechelewa, Mjomba."

"Tumechelewa wote. Maji yakimwagika hayazoleki." Akasimama kwa shida. "Saa ngapi mnaondoka? Nitakuja. Mimi ndiye niliyesema imwagwe, siwezi kukaa hapa nikinywa thobwa."

Kesho yake walikuwa watatu mbele ya Tabibu Kamoto. Kijana alisikiliza hadithi yao, akavua glovu zake.

"Na mimi nina kosa," alisema. "Nilisema msimwage. Sikusema kwa nini. Mtu anayekatazwa bila sababu hutafuta sababu yake mwenyewe."

Alimkata Fainesi tena. Safari hii Fainesi aliomba kuiona chupa kabla haijafungwa. Akauliza kipande kiko wapi, akaonyeshwa. Akauliza jina limeandikwa wapi, akaonyeshwa.

"Dawa imeifunika yote?" Mjomba aliuliza kutoka mlangoni.

"Imeifunika, mzee. Mara kumi."

"Ongeza kidogo."

Tabibu akaongeza kidogo, na wote wakacheka, hata Fainesi na bandeji yake.

Hawakurudi kijijini. Walikwenda Blantyre siku ileile, Fainesi amebeba chupa mwenyewe, wima, katika kapu alilolitandika kitambaa. Dirishani Mama Nyirongo alifungua kifuniko kabla ya kuandika chochote. "Siku hizi nafungua kila chupa," alisema. "Mumeo alinifundisha." Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika.

Wiki ya tano simu ya Laston ikalia kibandani. Majibu yametumwa kwa tabibu. Laston alitaka kwenda peke yake ili ayasikie kwanza, lakini Fainesi alikataa. Yalikuwa yake, akasema, na masikio anayo.

"Mama," alisema Tabibu Kamoto, "ni saratani ya titi."

Fainesi alishika ukingo wa meza. Hakulia. Alimsikia mumewe akipumua kwa nguvu karibu naye.

"Endelea," alisema. "Hujamaliza. Nakuona usoni."

"Sijamaliza. Uvimbe bado unasogea ukiguswa, haujashika mfupa wala ngozi. Unaweza kukatwa. Na daktari aliyesoma ameandika ni aina gani, ili wenzangu wa Blantyre wajue dawa gani itafuata. Bila karatasi hii wangekuwa wanapapasa gizani. Ungekaa hadi mvua nyingine, nisingeweza kusema haya."

"Kumbe ina jina."

"Ina jina."

"Basi niondoleeni. Nimechoka kulala na kitu nisichokijua."

Titi lilitolewa kabla ya mwisho wa mwezi. Nalo lilipelekwa kwa msomaji, katika ndoo yenye fomalini tele, maana daktari alitaka kujua kama saratani imeisha yote au imebaki ukingoni walipokata. Mjomba Makwinja alikaa nje ya chumba cha upasuaji siku nzima. Muuguzi alipopita na ndoo, mzee alivua kofia yake.

Miezi iliyofuata haikuwa rahisi. Fainesi alitiwa dawa za mshipani kila baada ya wiki tatu. Alitapika, nywele zikapukutika, akajifunga kitambaa kichwani. Wachuma chai wenzake walikuja kwa zamu kumlimia. Naye hakukaa kimya. Aliwaambia kila mmoja ajipapase, na akiona kivimbe, kiwe kinauma au hakiumi, asingoje mahindi yaote. Wawili walikwenda. Mmoja alikutwa na mafuta tu. Mwingine alikuwa bado anangoja majibu yake, na chupa yake ilifika salama, kwa sababu Mjomba aliisindikiza mwenyewe, akimweleza kila aliyeuliza harufu ile ni ya nini.

Majibu ya upasuaji yalikuja nayo. Kingo zote ni safi. Hakuna saratani iliyobaki ukingoni.

Msimu wa baridi uliofuata, Fainesi alikwenda Blantyre kuangaliwa, na Laston akamsindikiza. Daktari alimpapasa kila mahali, akamwambia aende nyumbani hadi baada ya miezi sita. Walipotoka nje, Fainesi hakwenda kituoni.

"Nataka kumwona yule aliyenisoma," alisema.

"Ana kazi nyingi, Mama Tiyamike."

"Sitakaa."

Mama Nyirongo alishangaa, lakini aliingia ndani akasema neno. Baada ya muda Daktari Mbekeani akatokea mlangoni. Alikuwa mfupi, mwembamba, na macho yake yalikuwa na alama za hadubini. Alisimama kama mtu aliyeitwa kwa bahati mbaya.

"Mimi ni Fainesi, wa Mwalija," Fainesi alisema. "Titi la kushoto."

Daktari alifikiri kidogo, kisha uso wake ukafunguka. "Kingo zako zilikuwa safi. Nilizitazama mara mbili."

"Niliambiwa. Nimekuja kukusalimia tu. Wewe umeniona hadi ndani, na mimi sijawahi kuona uso wako."

Daktari alifuta mikono yake kwenye koti, ingawa ilikuwa mikavu, ndipo akampa Fainesi mkono. "Nina miaka kumi na moja katika kazi hii," alisema. "Hajawahi kuja mgonjwa kunisalimia. Kwangu mnakuja vipande vipande. Leo nimemwona mmoja mzima." Akacheka, akavua miwani, akaifuta. "Karibuni ndani. Tafuteni viti. Ngoja niwaombee chai."

Fainesi alitazama nyuma ya bega lake. Kiti kilikuwa kitupu mbele ya hadubini, na taa yake ilikuwa inawaka. Kando yake zilikuwa zile trei za vioo alizosimuliwa na Laston, trei juu ya trei.

"Chai tunayo nyumbani, daktari," alisema kwa upole. "Rudi ukakae. Wanakungoja."